Puli ya Kaburu na Mkokoteni wa Mahari: Kwa Nini Nasema Kiwanda cha Chuma Kije Eldoret

Wakuu, mimi si mtu wa kushangazwa.

Niliona gari la moshi la kwanza likiingia Eldoret, na watu wazima wenye ndevu wakiruka mitaro kukimbilia porini. Nimeona chui akitoka chini ya lori njia ya Kaptagat, dereva akiwa bado amelala ndani. Nimeona Kaburu mwenye shamba la kutembea mchana kutwa akimlilia ng'ombe mmoja kama mtoto. Nikajiambia, basi, dunia imeisha kunionyesha maajabu yake.

Kumbe lilikuwa limebaki moja, na hilo moja nililifua kwa nyundo yangu mwenyewe.

Hamjambo nyote wa ukurasa huu wa wasomaji. Nimekuwa nikisoma barua zenu kimya kimya, lakini huyu mkuu wa Nakuru amenitoa kwenye shimo. Mkuu, uliandika hapa ati kampani za mashine zikitaka kufungua kazi ya chuma na kufundisha vijana, zije kwenu Nakuru, kwa sababu Eldoret ni mahali pa "ng'ombe, matope na blanketi."

Nilisoma hayo maneno mara mbili. Halafu nikamwambia mke wangu aniletee wino.

Haya nitakayosema yalinipata mimi, si jirani yangu. Kama nimeongeza chumvi hata kidogo, mkono wangu wa kulia usishike nyundo tena. Na shule mnisamehe, niliachia darasa la pili. Lakini kuna watu wenye darasa la nane ambao nawaandika kazi mimi.

Kwanza mjue ni nani anaongea.

Nilizaliwa upande wa Kabras. Nilifika hapa Sisibo (sisi wenyeji tunaita mji hivyo, wageni ndio wanasema Eldoret) nikiwa kijana mwenye kaptula moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia kwa Kaburu mzee aliyekuwa akitengeneza magari ya ng'ombe, yale makubwa waliyokuja nayo kutoka Afrika Kusini. Nilifagia, nikavuta mivukuto ya kupuliza moto, nikashika koleo, nikashika nyundo. Mzee alipokufa watoto wake walitaka malori tu. Mimi nikanunua fuawe lake, lile pande la chuma la kufulia, nikakodi uwanja nyuma ya duka la Mhindi karibu na mto Sosiani, nikaanza.

Leo nina mafundi. Mmoja wao ni Kiprono, Mkeiyo, mtu mfupi mwenye maneno marefu. Mtamsikia mbele.

Sasa kisa.

Mwaka huo ngano ilikuwa imekubali vizuri sana. Akaja Mzungu kutoka Nairobi, mtu wa kampani ya mashine za shamba. Sisi tulimpa jina Bwana Kipimo, kwa sababu alitembea na chuma cha kupimia mfukoni mwa shati, kila kitu anapima. Nilimwona akipima unene wa mkate hotelini.

Habari ikatufikia ya kwamba kampani yake inataka kufungua karakana kubwa. Si ya kufunga nati na kufungua. Ya kutengeneza vipande vya mashine hapa hapa, badala ya kungoja meli kutoka ng'ambo. Na pia watachukua vijana Waafrika wafundishwe kazi kamili: kuyeyusha, kukereza, kupima. Lakini ni mji mmoja tu, Nakuru au Eldoret.

Wakuu, mnajua maana yake? Mtu kama mimi, kazi zote kubwa zilikuwa zinanipita juu ya kichwa. Mzungu anavunjikiwa na mashine, anaandika ng'ambo. Mimi naletewa jembe. Kama karakana itajengwa hapa, mimi naingia kama fundi. Kama itajengwa Nakuru, mimi nabaki mtu wa majembe mpaka kufa.

Nikavaa koti langu la kanisani nikaenda kumwona. Wenzangu walinicheka. "Utamwambia nini Mzungu wa vipimo?" Nikawaambia, nitamwambia apime Eldoret.

Na nilimwambia. Nikasema, Bwana, chuma kinataka vitu vichache. Kinataka makaa, na hapa kuna miti ya wattle kila kilima, makaa yake yanawaka kama hasira ya mama mkwe. Kinataka mbao za kuchonga sanamu, yaani mfano wa kipande kabla ya kumwaga chuma, na msitu wa Kaptagat uko hapo. Kinataka maji, Sosiani ile haijawahi kukauka. Kinataka chuma kikuukuu cha kuyeyusha, na hakuna shamba la Kaburu lisilo na lundo la plau zilizovunjika. Kinataka reli, inapita hapo. Kinataka wateja, na mashine zote za ngano za nchi hii zinavunjikia huku, si Nakuru.

Na kinataka watu. Hapa Mnandi, Mkeiyo, Mluhya, Mjaluo na Kalasinga wanapigia chuma kimoja. Na baridi yetu, Bwana! Pwani fundi anakimbia moto. Sisi tunaukimbilia.

Bwana Kipimo akacheka kidogo. Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Maneno yako ni mazuri. Mimi sinunui maneno."

Akanipeleka shamba la Kaburu mmoja njia ya Turbo. Pale palikuwa na mashine kubwa ya kupura ngano, imekaa kimya kama ng'ombe mgonjwa. Ile puli yake kubwa, yaani gurudumu la chuma linalozungushwa na mkanda kutoka kwa injini, ilikuwa imepasuka vipande. Ngano imekatwa, iko shambani. Mawingu yanakusanyika. Puli ya ng'ambo itafika wakati ngano imeshaota mizizi.

"Tengeneza hii," Bwana Kipimo akasema. "Nakuru nimewapa kazi kama hii. Nitaangalia nani anajua."

Yule Kaburu akanitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Huyu? Huyu alikuwa anafagia kwa mjomba wangu."

"Ndiyo, Bwana," nikasema. "Na nilifagia vizuri."

Tukarudi na vipande vya ile puli kwenye lori.

Sasa hapa nipunguze mwendo, kwa sababu nataka hata yule asiyewahi kushika nyundo aelewe.

Kazi yetu ya miaka yote ilikuwa magurudumu ya mikokoteni. Gurudumu ni la mbao, lakini nje linavalishwa pete ya chuma. Hiyo pete ukiikata sawasawa na mbao, italegea na kuanguka njiani. Kwa hivyo unaikata NDOGO kuliko mbao, ndogo kwa unene wa kidole. Unaitia motoni. Chuma kikiwa chekundu kinapanuka, unakivalisha haraka, unamwaga maji. Kinapoa, kinajikaza, kinashika mbao kama askari aliyemshika mdaiwa. Hiyo ndiyo siri ya kazi. Pima, halafu punguza. Pima, halafu punguza. Mikono yetu ilikuwa imezoea hivyo hata usingizini.

Puli ni kazi nyingine. Unachonga sanamu yake kwa mbao, unaigandamiza kwenye mchanga, unaitoa, shimo linabaki, unamwaga chuma kilichoyeyuka. Na kile chuma kikipoa kinasinyaa. Kwa hivyo sanamu lazima iwe KUBWA kidogo.

Mmeshaona shida iko wapi, sivyo?

Kiprono akachonga sanamu ya mbao ya Kaptagat, nzuri mpaka ukatamani kuiweka sebuleni. Mimi nikapima. Yeye akapima tena. Wote tukapunguza. Hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze, mikono ilijiendea yenyewe.

Tukajenga tanuru kwa mapipa ya mafuta, tukayapaka udongo wa mto ndani. Hewa ya huku juu ni nyepesi, moto unataka kusukumwa sana, basi nikafunga feni kwenye injini ya lori. Watu walijaa uwanjani kama sokoni. Makaa ya wattle yakalia. Plau za Makaburu zikaingia juu, zikatoka chini zikiwa uji. Wakuu, siku ile chuma kilipotiririka, nyeupe kama jua la mchana, Mhindi mwenye uwanja alitoka dukani akavua kofia.

Nikawaambia watu, "Mnaona? Nendeni mkawaambie Nakuru."

Ilipopoa tukavunja mchanga. Puli safi, haina tundu wala ufa. Kiprono akaipiga kwa nyundo ndogo ikalia kengele. Nikaleta kipimo.

Nikapima. Nikampa Kiprono kipimo.

Kiprono akapima. Akaniangalia.

"Imekuwa ndogo," akasema.

"Ndogo kiasi gani?"

"Ndogo ya kutosha mke wako kuivaa bangili."

Si mke wangu angeivaa, huyo Kiprono ana mdomo mbaya. Lakini ilikuwa ndogo kweli. Tulipunguza sisi, na chuma nacho kikapunguza chake. Puli ikiwa ndogo, mashine inakwenda mbio isiyo yake, inavunja ngano badala ya kuipura. Haifai.

Hapa ndipo nataka yule mkuu wa Nakuru anisikilize vizuri. Unaweza kucheka. Lakini hilo kosa, mtu wa Nakuru HAWEZI kulifanya. Hawezi kwa sababu hana mikono ya gurudumu. Hilo ni kosa la watu ambao chuma kimeingia kwenye mifupa yao. Sisi hata tukikosea, tunakosea kwa ufundi.

Basi tukakaa. Kuyeyusha tena hatuwezi, makaa ya tanuru yalikuwa yamekwisha na mapipa yamepasuka kwa joto. Mawingu yanashuka. Kiprono akasema twende tukamwambie Bwana Kipimo ukweli, atupe muda.

Nikasema ng'o.

Nikaizunguka ile puli kama mtu anayenunua ng'ombe. Nikaizunguka tena. Nikasema, Kiprono, hii ni nini?

"Puli ndogo."

"Itazame vizuri. Ina miguu ndani, ina duara nje. Hii ni nini?"

Akaitazama. Nikaona meno yake.

"Gurudumu," akasema. "Gurudumu la mkokoteni. Limekosa pete tu."

Wakuu, hapo niliruka juu! Kama puli ni ndogo, tuivalishe! Pete ya chuma kinene, ndogo kuliko puli, iingie motoni, ivalishwe, imwagiwe maji. Halafu tunaisugua mpaka kipimo cha sawasawa. Kazi ambayo tungeifanya tukiwa tumefumba macho.

Shida ikawa chuma chenyewe. Pete ilitaka kuwa nene, ya chuma kile cha zamani cha magari ya Makaburu. Madukani kulikuwa na vyuma vyembamba vya kufungia milango. Malundo yetu yote yalikuwa yameliwa na kutu. Kiprono akasema kipande kama hicho kiko Nakuru kwenye reli, tuagize.

Kuagiza chuma Nakuru! Nilimwangalia mpaka akaomba radhi.

Ndipo nikakumbuka mahali kilipo.

Nilipomwoa Rhoda, ng'ombe zangu hazikutosha. Baba yake, Mzee Zakayo, anakaa Turbo, anabeba mahindi ya watu kupeleka stesheni. Tukakubaliana na wazee kwamba pamoja na ng'ombe nitatoa mkokoteni, nitengeneze mwenyewe. Na mimi, kwa majivuno ya ujana, nikauvalisha pete nene kuliko zote, za gari la yule Kaburu mzee aliyenifundisha. Siku ya kuupeleka nilisimama mbele ya wakwe nikasema, "Mkokoteni huu utawazika nyote." Watu wakakohoa. Lakini ilikuwa kweli, ulikuwa bado mzima kabisa.

Nikapanda lori la mahindi mpaka Turbo.

Mzee Zakayo alikuwa amekaa nje na ugoro wake. Mama mkwe sikumwona, kwa watu wa kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe ovyo, alikuwa nyuma ya nyumba. Lakini nilijua anasikia.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, baba. Rhoda mzima?"

"Mzima. Mzee, nimekuja na haja. Naomba chuma cha gurudumu moja."

"Gurudumu la mkokoteni upi?"

"Ule niliowaletea."

"Ule wa Rhoda."

"Ndiyo, huo. Nitarudisha kingine."

Akavuta ugoro. Akapiga chafya. Akauliza polepole, "Unataka la kulia au la kushoto?"

"Lolote, Mzee."

"Mama Rhoda, umesikia huko?" akapaza sauti. "Anasema lolote."

Kutoka nyuma ya nyumba tukasikia mtu akisema, "Yesu wangu."

"Basi chukua la kushoto," Mzee akasema. "Wewe ndiye mwenye mikono. Chukua."

Nikafurahi. Nikaona mzee ana roho ya maendeleo. Nikatoa lile gurudumu, nikapasua pete, nikaibeba begani mpaka barabarani, na mkokoteni nikauacha umeinama upande mmoja kama mlevi. Mzee alirudi kwenye ugoro wake. Aliniangalia tu mpaka lori likaondoka.

Turudi uwanjani. Tukakata ile pete, tukaipunguza, tukaiunga motoni. Safari hii mikono ilikuwa na haki ya kupunguza! Tukaiwekea moto wa kuni wa mviringo, ikawa nyekundu, ikawa ya rangi ya chungwa. Watu wanne, makoleo manne. "Shusha!" Ikakaa. "Maji!"

"Polepole!" Kiprono akapiga kelele. "Hii si mbao! Ukiistua itapasuka!"

Tukamwaga kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Mvuke ukafunika uwanja mzima. Ndani ya mvuke tukasikia tu chuma kikilia, ki, ki, ki, kikijikaza. Nilikuwa nangoja ule mlio mmoja mkubwa wa kupasuka. Nilikuwa nasali, na mimi si mtu wa kusali siku za kazi.

Mlio haukuja.

Mvuke ulipoondoka Kiprono akaipiga nyundo. Ikalia kengele, nzito kuliko ya kwanza.

Tulipoifunga kwenye mashine shambani, Bwana Kipimo alikuwepo na yule Kaburu. Akatoa chuma chake mfukoni. Akapima juu, akapima ubavuni. Sawasawa. Halafu akapitisha kidole pale pete inapokutana na puli, akanikazia macho.

"Ilitoka ndogo. Sivyo?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema kwamba huo ndio mtindo wetu wa Eldoret. Lakini yale macho hayakuwa ya kudanganywa.

"Ndiyo, Bwana. Ilitoka ndogo."

"Na hii pete?"

"Sisi ni watu wa mikokoteni, Bwana. Kitu kikiwa kidogo tunakivalisha."

Yule Kaburu akacheka sana. Bwana Kipimo hakucheka. Akasema, "Washa."

Injini ikawaka. Mkanda ukashika. Ile mashine ikatetemeka, ikakohoa vumbi la wiki nzima, halafu ikaanza kuimba. Ngano ikamwagika kwenye gunia. Yule Kaburu akakinga mkono, akatazama punje nzima nzima, akasahau kwamba nilikuwa mfagiaji. Akanipa sigara. Tulipura mpaka gunia la mwisho, na mvua ikanyesha juu ya majani matupu.

Kabla hajaondoka Bwana Kipimo aliniambia neno moja ambalo nimeliweka moyoni. "Nakuru walinipa puli nzuri kuliko hii. Nilipowauliza ikitoka mbovu watafanya nini, wakasema watanunua nyingine. Mimi nataka watu wa shambani, ambako hakuna nyingine."

Karakana ikajengwa Eldoret, karibu na reli. Nenda uone paa lake. Vijana wanafundishwa pale, na anayewaonyesha kuyeyusha ni Kiprono, na anayewaonyesha kufua ni mimi. Somo la kwanza tunawapa ni lile: pima, halafu jiulize unapunguza au unaongeza.

Lakini mimi nilisema nilishangazwa. Bado sijafika.

Siku ile ya ngano nilirudi nyumbani na nyama kilo nyingi, nikiimba barabara nzima. Mlango umefungwa. Moto hakuna. Rhoda hayupo. Jirani akaniambia kwa sauti ya chini, kaka zake walikuja wakamchukua Turbo.

Nikaenda Turbo mbio. Nikamkuta Mzee Zakayo pale pale na ugoro wake, na wazee wengine watatu kwenye viti. Nilijua viti hivyo. Viti vya mahari.

"Mzee, mke wangu amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Wewe ulikuja hapa kwa miguu yako, ukachukua mahari yake ukaondoka nayo. Mwanaume anayerudisha mahari kwake amefanya nini, watu wa kwetu?"

Mzee wa pili akajibu, "Ameacha mke."

"Mimi nilichukua chuma! Chuma cha gurudumu moja!"

"La kushoto," Mzee Zakayo akasema. "Kwa hivyo hatukusema umeacha yote. Tunasema umeacha nusu. Nusu ya Rhoda ni yako, nusu ni yangu. Mimi nimekaa na nusu yangu hapa. Kama unaweza kuchukua nusu yako uende nayo, chukua."

Wazee wakacheka mpaka kiti kimoja kikalia.

Nikasema nitaleta pete mpya kesho, tena nene zaidi. Wakatikisa vichwa. Mahari ikishatoka kwenye boma hairudishwi kimya kimya kama jembe la kuazima. Inatolewa upya, wazee wakikaa, watu wakila.

Nikamwita Rhoda anitetee. Akatoka na kanga mpya, amejipaka mafuta kama bibi harusi.

"Rhoda, waambie hawa wazee mimi sikukuacha."

"Mimi nitajuaje?" akasema. "Wewe ndiye fundi wa vipimo. Baba alikuuliza la kulia au la kushoto, ukasema lolote. Nilipoambiwa hivyo, nikasema huyu mtu hata hajui mimi niko upande gani."

"Rhoda!"

"Na wazee," akawageukia, "msisahau. Mara ya kwanza nilikuwa naolewa na mtu wa majembe. Sasa nasikia huko shambani amekuwa fundi wa kampani. Mke wa fundi wa kampani hawezi kuwa bei ya zamani."

Wakuu, niliyeona gari la moshi la kwanza bila kukimbia, siku hiyo nilikaa chini kwenye nyasi.

Nikalipa. Nikalipa yote, nikamrudisha mke wangu kwa lori lililofungwa majani, akipungia watu wa njiani kama Malkia. Tangu siku hiyo nikitaka kitu chochote chenye chuma nyumbani, hata sufuria, namwuliza kwanza ni cha nani.

Nimejifunza nini? Kwanza, mkuu wa Nakuru, uwezo wa mahali si majumba. Ni makaa, maji, reli, na watu ambao kitu kikiharibika mikononi mwao hawaandiki barua ng'ambo. Watu hao wako hapa. Kiwanda kinachofuata, cha injini hata cha ndege kikitaka, nacho kije hapa. Nimesema, na sirudi nyuma.

Pili, vijana mnaofuata ufundi: jueni chuma, lakini jueni pia chuma hicho kimekaa kwa nani na kwa sababu gani. Mimi nilijua la kwanza tu.

Sasa nyinyi wa Nakuru, Kisumu, Kitale, hata wa Nairobi, leteni yenu. Nani amewahi kuyeyusha plau akapata puli? Aandike hapa tumsome. Na kama kuna mtu ambaye kwa mila za kwao pete ya gurudumu si mahari, aniambie ni wapi, nina mabinti wawili wa kukataza wasiolewe huko.

Kuna watakaouliza karakana hii ya Eldoret ilinigharimu ngapi, maana wanajua fundi mzuri hafichi hesabu. Makaa na mapipa Kaburu alilipa. Ninachosema hapa ni kile nilichotoa mfukoni mwangu pale Turbo, kumwoa kwa mara ya pili mwanamke niliyekuwa naye: mbuzi, sukari, blanketi la mama mkwe, chuma kipya cha magurudumu yote mawili, na senti hamsini za ugoro ambazo Mzee Zakayo alisema hatasimama bila hizo.

Jumla, shilingi mia tatu arobaini na mbili na senti hamsini.